Kuhesabu Simu Si Kuhesabu Watu

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, Bariadi. Inachapishwa hapa kwa ombi la mkutano.



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu wetu aliponiita alinitaka nieleze kidogo juu ya kazi ninayoifanya, yaani kazi ya takwimu, na hasa juu ya jambo ambalo siku hizi kila ofisi inalitaja: ni watu wangapi wanaotumia kompyuta na intaneti majumbani mwao, nasi tunajuaje kuwa ni wangapi. Alinidokeza pia kwamba katika ajenda ya mchana wa leo ipo hoja ya fedha za Umoja wetu. Wapo ndugu wanaotaka tuwanunulie vijana kompyuta za maktaba. Wapo wengine wanaosema kwamba kompyuta zimepitwa na wakati, kila nyumba sasa ina simu janja, na kwa hiyo heri fedha hizo ziende kwenye madawati na tangi la maji.

Sikuja kuamua ugomvi huo. Nimekuja kusema kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya jambo ambalo hakuna aliyelipima hapa shuleni. Na kwa kuwa jambo hilo hupimika, tena kwa gharama ndogo, hatuna sababu ya kubishana kwa kukisia. Hoja yangu ni moja tu, nayo nitaieleza polepole: kuhesabu simu si kuhesabu watu, na mtu asiyehesabiwa hupangiwa mambo kana kwamba hayupo.

Kaya moja, majibu manne

Nianze na neno lenyewe "kaya". Kwetu Usukumani neno hili si geni. Kaya ni mji wa mtu, pamoja na wake zake, watoto, wajukuu na ng'ombe. Lakini katika kazi ya takwimu kaya ina maana nyembamba zaidi: ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja, na wanaomtambua mtu mmoja kuwa ndiye mkuu wao. Kwa hiyo mji mmoja wa mzee wa Kisukuma, wenye majiko matatu yanayojitegemea, waweza kuandikwa kuwa ni kaya tatu. Karani asiyelijua jambo hili ataandika simu ya jiko moja kuwa ni ya mji mzima, na hapo hesabu imekwisha kwenda kombo kabla ya swali la pili.

Sasa tuseme tumefika katika kaya moja upande wa Itilima. Kaya hii nimeibuni, lakini ninyi nyote mnaijua. Ina watu tisa: mzee mwenye kaya, mkewe, bibi mzaa baba, kijana wa miaka 22, binti wa miaka 17 aliye kidato cha tatu, na watoto wadogo wanne. Mzee ana kitochi chenye laini mbili. Kijana ana simu janja yenye laini mbili, na laini ya tatu ameifunga kwenye karatasi, huitumia pindi bei ya kifurushi inapokuwa nafuu. Kompyuta hakuna. Binti huazima simu ya kaka yake usiku, kaka akiwa radhi, ili asome maswali ya mitihani iliyopita.

Tuulize: matumizi ya intaneti katika kaya hii ni kiasi gani?

Ukiuliza kama kaya ina intaneti, jibu ni ndiyo, na kaya nzima yenye watu tisa itaingia katika hesabu ya wenye intaneti. Hiyo ni asilimia 100. Ukihesabu laini za simu, utapata laini tano kwa watu tisa, yaani asilimia 56. Ukihesabu watu waliotumia intaneti katika miezi mitatu iliyopita, utapata wawili, kijana na binti, yaani asilimia 22. Na ukihesabu wenye chombo chao wenyewe cha kufikia intaneti, utampata kijana peke yake, asilimia 11.

Majibu manne kutoka nyumba moja, siku moja, na hakuna hata moja lililo uongo. Wala hatujamaliza. Tukiamua kuwahesabu wenye miaka 15 na zaidi tu, kama tafiti nyingi zifanyavyo, watu wanaobaki ni watano, na wawili kati ya watano ni asilimia 40. Kwa hiyo, vijana, mkisoma popote kwamba asilimia kadha ya watu wana intaneti, jambo la kwanza la kuuliza si kama namba ni kubwa au ndogo. Ulizeni: asilimia ya nini? Ya laini, ya nyumba, au ya watu? Na watu wa umri gani?

Mambo haya yametokea kweli

Huenda mtu akasema kwamba mfano wa kubuni si ushahidi. Basi tuangalie nchi yetu katika mwaka 2017. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo hupata hesabu zake kutoka makampuni ya simu, ilionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka ule watumiaji wa intaneti walikuwa wamefika kama milioni 23, sawa na asilimia 45 ya wananchi wote. Mwaka huohuo watafiti wa Research ICT Africa walikwenda nyumba kwa nyumba hapa Tanzania, wakawauliza watu wenyewe wa miaka 15 na zaidi. Walikuta wanaotumia intaneti ni asilimia 14.

Asilimia 45 na asilimia 14! Je, mmoja wao alidanganya? La hasha. TCRA ilikuwa inahesabu laini, na kwa kazi yake ya kusimamia soko la simu hesabu hiyo ndiyo inayotakiwa. Mtu mwenye laini tatu ni wateja watatu. Watafiti walikuwa wanahesabu watu, na mtu mwenye laini tatu kwao ni mtu mmoja. Kosa huingia pale mpangaji wa mambo anapoichukua hesabu ya laini na kuisoma kama hesabu ya watu.

Jirani zetu wa Kenya walipata funzo la namna hiyohiyo. Sensa yao ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na wakati huo laini za simu nchini humo zilikuwa zimepita milioni 50. Ukizitazama laini, ungedhani hata mtoto wa kunyonya ana simu. Lakini sensa ileile iliwauliza watu, na kati ya wenye miaka mitatu na zaidi, waliokuwa na simu walikuwa asilimia 47.3, waliotumia intaneti asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba nchi yenye laini nyingi kuliko watu bado ilikuwa na watu wengi wasio na simu hata moja.

Nasi hapa kwetu, mwezi Desemba 2022 laini za simu zilikuwa takribani milioni 60, na sensa ya Agosti mwaka huo ilitukuta tukiwa watu 61,741,120, zaidi ya robo yao wakiwa watoto wadogo. Msikubali mtu awaambie kwamba basi karibu kila Mtanzania ana simu.

Historia fupi ya swali

Huenda vijana wakadhani kwamba kupima mambo haya kumeanza jana. Wamarekani walianza kuuliza juu ya kompyuta za nyumbani katika utafiti wao wa kaya mwaka 1984, na wakati huo nyumba zenye kompyuta zilikuwa asilimia 8.2 tu. Jambo la maana ni kwamba hawakuishia hapo. Waliuliza pia nani anaitumia, wakakuta kwamba kati ya watu wazima wenye kompyuta nyumbani, ni zaidi kidogo tu ya nusu walioigusa. Watoto ndio walioitumia zaidi kuliko wazazi wao. Swali la intaneti walilitia mwaka 1997, na nyumba zilizokuwa nayo zilikuwa asilimia 18.

Hapa Tanzania historia yetu ni nyingine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka kadhaa. Kwa hiyo wazee wenzangu waliosoma hapa zamani hizo wasione haya kwamba hawakuwahi kuiona kompyuta; haikuwa ruhusa kuileta. Intaneti iliingia nchini katikati ya miaka ya 1990, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Sensa zetu nazo zilikwenda na nyakati. Ile ya mwaka 2002 iliuliza kaya juu ya vitu kama redio, simu na baiskeli. Ile ya mwaka 2012 ilikwisha kuongeza kompyuta katika orodha ya mali za kaya.

Kwa upande wa dunia, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wenye makao yake Geneva, umetoa mwongozo wa namna ya kupima mambo haya katika kaya, ili namba za Tanzania ziweze kulinganishwa na za India au Brazil. Mwongozo huo ulitoka mwaka 2009, ukarekebishwa mwaka 2014 na tena mwaka 2020. Msingi wake ni kuyatenga mambo mawili: kaya ina nini, na mtu anafanya nini. Kaya huulizwa kama ina redio, televisheni, simu, kompyuta, intaneti. Kisha mtu mmojammoja huulizwa kama ameitumia kompyuta au intaneti katika miezi mitatu iliyopita, mahali gani, mara ngapi, na kwa kazi gani.

Nani anayejibu?

Sasa nifike mahali penye mtego mkubwa kuliko yote. Karani akifika kwenye mji, ni nani anayempokea? Ni mzee mwenye kaya, au mtu mwingine aliye mkubwa. Mzee huyo ndiye anayewajibia wote. Akiulizwa juu ya mkewe, "Je, mama hutumia intaneti?", atasema hapana bila kumgeukia. Akiulizwa juu ya binti, atasema hapana, kwa kuwa hajui kwamba simu huazimwa usiku, au anajua lakini hapendi ijulikane. Akiulizwa juu ya kijana, atasema ndiyo, siku zote. Kwa njia hiyo wanawake na mabinti hupotea katika hesabu kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine, hata pale ambapo kweli wanatumia. Na pengine hutokea kinyume: mzee anasema "sisi hapa tuna simu", na mama ambaye hajawahi kuishika anahesabiwa miongoni mwa wenye simu.

Dawa yake inajulikana. Karani huandika majina ya watu wote wa kaya wenye umri unaotakiwa, kisha mmoja huchaguliwa kwa kura, si kwa hiari ya mzee wala ya karani. Kura ikimwangukia bibi, anaulizwa bibi. Kura ikimwangukia binti, anangojwa mpaka arudi kisimani. Ni kazi yenye kuchosha na kurudiarudia nyumba moja, lakini bila hiyo tunapima mawazo ya wenye kaya juu ya watu wao. Kwa sababu iyo hiyo, miongoni mwa vipimo vya Malengo ya Maendeleo Endelevu kimo kipimo cha watu wanaomiliki simu wao wenyewe, nacho kimewekwa chini ya lengo la usawa wa wanawake. Waliokiweka walitambua kwamba kuazimwa simu ni jambo moja na kuwa nayo ni jambo jingine.

Mtego wa pili ni maneno ya swali. Mwaka 2012 watafiti wa LIRNEasia, taasisi ya Sri Lanka, walikuta huko Indonesia watu waliosema hawatumii intaneti, na papo hapo wakaeleza kwa furaha jinsi wanavyoitumia Facebook. Hawakuwa waongo, kwao Facebook ilikuwa Facebook, na intaneti ilikuwa kitu kingine cha wasomi. Hapa kwetu muulizeni mtu, "Unatumia intaneti?", kisha muulizeni, "Unatumia WhatsApp?", mtaona wenyewe. Na kinyume chake, yuko mama anayepokea na kutuma fedha kwa M-Pesa kila wiki, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, akiibonyeza kwa namba kwenye kitochi. Huyo anatumia simu kwa kazi kubwa, lakini intaneti hajaigusa. Swali zuri, basi, halitaji neno kubwa. Linataja tendo: umetuma picha, umesoma habari, umetafuta jibu la hesabu, umeandika barua kwa kompyuta.

Mtego wa tatu ni majira. Sisi ni watu wa pamba. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na fedha zikiingia, simu hununuliwa na vifurushi hujazwa. Utafiti ukifanyika mwezi Agosti, miezi mitatu iliyopita yote ni miezi ya pamba. Ukifanyika mwezi Februari, wakati ghala limekaribia kwisha na mkulima yumo shambani, utakuta simu zilezile zimelala bila kifurushi, na pengine moja imekwisha kuuzwa. Namba ya Agosti na namba ya Februari zisilinganishwe kana kwamba watu wamerudi nyuma kimaendeleo. Yatupasa kupima katika mwezi uleule mwaka hadi mwaka.

Kuonja mchuzi

Vijana wanaosoma hesabu wataniuliza: je, ni lazima kumwuliza kila mtu? Mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umekua kutoka watu 1,584,157 wa sensa ya mwaka huo hadi watu 2,140,497 wa sensa ya 2022. Hakuna mwenye fedha za kuwauliza wote kila mwaka. Hapo ndipo tunapotumia sampuli. Mpishi haumalizi mchuzi ili ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja. Lakini kwanza huukoroga. Asipoukoroga, kijiko chake kitamdanganya.

Kukoroga kwetu ni kura. Tukiwachagua watu 400 kwa kura ya haki kutoka mkoa mzima, jibu letu laweza kupishana na ukweli kwa kiasi cha pointi tano juu au chini. Tukiwachagua 100, kupishana kunafika pointi kumi. Lakini tukienda Somanda pale mjini, tukawauliza watu 4,000 waliopo karibu na barabara, tutapata jibu baya kuliko la watu 100 waliochaguliwa kwa kura kutoka Meatu, Maswa, Itilima, Busega na Bariadi. Wingi hauponyi upendeleo. Watu wa mtaa mmoja, wenye mnara mmoja wa simu na nguzo moja ya umeme, hufanana. Kuwauliza wengi wao ni kama kumwuliza mtu mmoja mara nyingi.

Kwa nini tujali?

Ndugu Mwenyekiti, huenda wengine wanaona kwamba nawapotezea muda kwa mambo ya wataalamu. Naomba niseme ni nani anayeumia hesabu ikikosewa.

Siku hizi matokeo ya mitihani hutangazwa kwenye mtandao. Mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi yake hufanya hivyo kwa mtandao. Anayeomba mkopo wa chuo kikuu kwa Bodi ya Mikopo hujaza fomu kwenye mtandao, huambatisha vyeti alivyovipiga picha, na siku ya mwisho ikipita imepita. Mambo hayo ni mema, yamepunguza safari na foleni. Lakini yanajengwa juu ya dhana kwamba kila kijana anaweza kuifikia intaneti na anajua la kufanya akiifikia. Kijana wa Bariadi mjini atakwenda stendi, atalipa, atajaziwa fomu. Binti wa Meatu, ambaye simu pekee ya nyumbani ni ya kaka yake, na kaka ameenda machungani au mnadani, atafanya nini? Katika hesabu ya laini anaonekana amehudumiwa. Katika hesabu ya kaya anaonekana amehudumiwa. Ni katika hesabu ya watu peke yake ndipo anapoonekana jinsi alivyo.

Hali kadhalika kwa minara. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili makampuni yafikishe mawasiliano vijijini, mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Ili ruzuku iende panapostahili, lazima ijulikane ni wapi watu hawatumii, na kwa nini: ni kwa kukosa mnara, au umeme, au fedha, au elimu? Dawa ya kukosa mnara si dawa ya kukosa fedha. Tusijidhanie kwamba tatizo hili ni la Simiyu peke yetu. ITU ilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wapatao milioni 2,600 duniani walikuwa bado hawatumii intaneti.

Na liko jambo la ujuzi. Mwongozo wa ITU haumwulizi mtu kama "anajua kompyuta", maana kila mtu atajisifu au atajidharau. Unamwuliza kama katika miezi mitatu iliyopita amenakili faili, ametuma barua pepe yenye kiambatisho, ametumia jedwali la hesabu. Twaweza kukuta vijana wetu wengi wako WhatsApp kila siku ya likizo, lakini hawajawahi kuandika ukurasa mmoja kwa kompyuta. Kijana wa namna hiyo tumwite ana intaneti au hana? Mimi nasema tumwite kwa matendo yake, kisha tujue la kumfundisha.

Ninalo neno moja pia kwa walimu wetu. Sensa ya 2022 ndiyo ya kwanza kwetu kuendeshwa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na baada ya kazi vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu. Chombo kilichopima sasa kimekuwa chombo cha kupimwa. Ingefaa tujue katika shule yetu ni vingapi vinafanya kazi, ni mara ngapi mwalimu hupata kifurushi cha kukitumia, na somo gani limeandaliwa kwacho. Siulizi ili kumlaumu mtu. Nauliza kwa kuwa chombo kilichopo kabatini huhesabiwa sawasawa na chombo kinachofanya kazi, mpaka atokee mtu wa kuuliza.

Pendekezo langu

Basi, kabla hatujapiga kura ya fedha, napendekeza tupime. Shule yetu si kubwa hata tuhitaji sampuli. Tuwaulize wanafunzi wote, kidato cha kwanza hadi cha mwisho, kwa karatasi moja yenye maswali saba:

1. Nyumbani kwenu, katika chungu mnachokula pamoja, mko watu wangapi?
2. Kati yao, ni wangapi wenye simu zao wenyewe? Wanawake wangapi, wanaume wangapi?
3. Iko simu janja au kompyuta inayofanya kazi leo? Ni ya nani?
4. Katika likizo iliyopita wewe mwenyewe uliitumia simu janja au kompyuta siku ngapi kwa wiki? Uliazima kwa nani?
5. Uliitumia kwa kazi gani? Taja matendo.
6. Je, umewahi kuandika ukurasa mmoja kwa kompyuta bila kusaidiwa?
7. Kama hukutumia, kilichokuzuia ni nini: mtandao haufiki, umeme, fedha, hukuruhusiwa, au hukujua namna?

Karatasi isiwe na jina. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri za mtu anayetoa habari zake kwa kazi ya takwimu, nasi ingawa si ofisi ya Serikali tufuate adabu hiyohiyo. Binti hataandika kwamba hukatazwa simu ikiwa anajua mtu wa kijijini kwao ataisoma karatasi yake. Kila mmoja ajaze peke yake, karatasi itumbukizwe sandukuni, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma hesabu wazijumlishe chini ya mwalimu wao. Majibu ya wavulana na ya wasichana yajumlishwe mbali mbali, na ya wanaotoka mjini na vijijini vilevile, kwa maana wastani wa shule nzima waweza kuficha tofauti kubwa.

Matokeo yatatuambia la kufanya. Ikiwa wengi wameandika kwamba hawajawahi kuandika ukurasa kwa kompyuta, basi kompyuta za maktaba si anasa, na saa za kuitumia maktaba zipangwe. Ikiwa wengi wameandika kwamba kilichowazuia ni umeme, tusinunue vyombo vitakavyolala. Ikiwa wasichana wameandika "hukuruhusiwa" mara nyingi kuliko wavulana, basi tuwe na zamu za wasichana katika chumba hicho, zilindwe kwa amri ya Mkuu wa Shule. Na ikiwa itaonekana kwamba wengi wanayo yote hayo nyumbani, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kwa ajili ya madawati na tangi la maji.

Nawaombeni tusiulize mara moja tukaacha. Karatasi hizo zirudiwe kila mwaka baada ya likizo ileile, kwa maswali yaleyale, na matokeo yachapishwe katika jarida hili. Miaka mitano ijayo vijana walioketi pale nyuma watakuwa wamekaa hapa mbele, nao watakuwa na kitu ambacho sisi leo hatuna.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja ya fedha ingoje wiki mbili tu, karatasi zijazwe na kujumlishwa, ndipo kamati ikae na kuamua. Gharama yake ni rimu mbili za karatasi, nami nitazilipia.

Naomba kutoa hoja.